Baridi yabisi: kati ya damu, moshi na vumbi

Shangazi yangu aliacha kufua nguo nzito akiwa na miaka 43. Kila alipoamka, maungio ya vidole vya mikono yote miwili yalikuwa yamevimba, vidole havikunjiki, na saa nzima ilipita kabla hajaweza kukamua hata kanga. Ndugu walishasema chanzo: kuoga maji ya baridi na kulala sakafuni.

Jina la ugonjwa linawapa nguvu. Tumelirithi kutoka tiba ya kale iliyopima kila kitu kwa joto na baridi, unyevu na ukavu, na yabisi ndio huo ukavu. Kweli, wagonjwa wengi huumia zaidi kukiwa na baridi. Lakini baridi haiuanzishi ugonjwa. Kinachotokea ni kinga ya mwili kuugeukia utando laini ulio ndani ya maungio na kuushambulia.

Kwa nini igeuke? Wako wanaosema ni mambo ya damu, yaani ya kurithi, kwa hiyo tuache kuwalaumu wagonjwa, wapumue. Wana hoja. Vinasaba vinavyoongeza hatari vinajulikana, na wanawake wanaougua ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Ila hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake huugua katika takriban jozi 15 tu kati ya 100. Damu peke yake haitoshi.

Kinachofuata kwa uzito ni sigara. Watafiti wa Uswidi walionyesha mwaka 2006 kwamba mvutaji aliyerithi vinasaba hivyo kwa baba na kwa mama alikuwa na hatari mara 21 ya kupata aina kali ya ugonjwa huu, ikilinganishwa na asiyevuta na asiye navyo. Moshi hubadilisha protini ndani ya mapafu, kinga inaziona ngeni, na kingamwili, yaani silaha ambazo kinga huzitengeneza dhidi ya protini hizo, huweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla kiungo cha kwanza hakijauma. Huko huko Uswidi, wanaoweka mdomoni ugoro, ambao nao una nikotini, hawakuonekana kuwa na hatari hiyo. Kwa hiyo nikotini haionekani kuwa mkosaji; moshi unaoingia kifuani ndio unaoshukiwa.

Na kama kifua ndio mlango, vumbi nalo linapita hapo. Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan alieleza vinundu vya pekee kwenye mapafu ya wachimba makaa ya mawe wa Wales waliokuwa na baridi yabisi. Tafiti za baadaye zimelitaja vumbi la silika, linalotoka kwenye mawe yanayovunjwa. Hapo namwaza mama anayeponda kokoto Kunduchi, Dar es Salaam: amekaa chini ya turubai, nyundo mkononi, upande wa kanga umefunika pua, na kope zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Vitini vya afya vitaiweka hatari yake chini ya "mtindo wa maisha". Neno hilo linaniudhi. Yeye hakuchagua mtindo, amechagua watoto wapate kula. Anachohitaji ni maji ya kulowesha mawe na barakoa ya kweli, na hayo yanamhusu anayenunua kokoto zake.

Unene na ugonjwa wa fizi navyo vinahusishwa, ingawa uzito wake haufikii wa sigara.

Wavutaji wengi hawatapata ugonjwa huu kamwe, na shangazi hajawahi kushika sigara. Ndiyo maana nawaelewa wanaochukia mgonjwa kuhojiwa kana kwamba yuko kizimbani. Lakini kunyamaza kabisa nako kunaumiza. Mgonjwa anayevuta huwa hapati nafuu nzuri kutokana na dawa za ugonjwa huu kama methotreksati, na ndugu wa damu wana hatari kubwa kuliko watu wengine. Mtoto wa kwanza wa shangazi anavuta tangu yuko sekondari. Kliniki wamemuuliza mama yake mara nyingi kama anavuta, na kila mara amejibu hapana. Hawajamuuliza kama ana mtoto anayevuta.