Teknolojia Mpya na Mgawanyo wa Nguvu kati ya Matabaka

Kila teknolojia kubwa inapozuka, wapo wanaosema kwamba hofu ya wafanyakazi haina msingi, kwa kuwa mashine huondoa kazi za zamani na kuleta nyingine zilizo bora zaidi. Hoja hiyo ina ukweli mwingi, na anayeipinga yote atapata taabu kueleza kwa nini watu wa leo wanasoma, wanavaa na wanaishi miaka mingi kuliko waliowatangulia karne mbili zilizopita. Kinachokosekana ndani yake ni suala la muda na la umiliki: nani alizipata faida hizo kwanza, na nani aliumia wakati wengine wakizisubiri.

Uingereza ya mapinduzi ya viwanda inatoa ushahidi wa pande zote mbili. Uzi ulipoanza kusokotwa kwa mashine na kupatikana tele, mwishoni mwa karne ya 18, mfumaji wa mkono alineemeka, kwani kazi yake ilihitajika zaidi kuliko wakati wowote. Neema hiyo haikudumu. Mitambo ya kufuma inayoendeshwa kwa mvuke ilipoenea katika karne ya 19, ujira wake uliporomoka, na fundi aliyekuwa akijipangia saa za kazi nyumbani kwake akabaki fukara. Kati ya 1811 na 1816 mafundi wa nguo wa Nottinghamshire, Yorkshire na Lancashire walivunja mitambo, na mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria iliyowaweka wavunjaji hao katika hatari ya kunyongwa. Kuwaita maadui wa maendeleo ni kuwaonea. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi kwa mitambo miaka mingi. Walichokipinga ni mitambo hiyo kutumiwa kushusha ujira, tena katika kipindi ambacho sheria za mwaka 1799 na 1800 zilikuwa zimewanyima haki ya kuungana kudai malipo bora, marufuku iliyoondolewa 1824 tu.

Hata hivyo mashine hizohizo zilivunja ukiritimba wa madaraka wa makabaila, yaani wamiliki wakubwa wa ardhi, na hilo lisipuuzwe. Wenye viwanda walikuwa na mali bila sauti: Manchester, mji mkuu wa biashara ya pamba, haukuwa na mbunge wake hadi mageuzi ya uchaguzi ya 1832. Baada ya hapo wenye ardhi walilazimika kugawana madaraka, na mwaka 1846 sheria zilizokuwa zikilinda bei ya nafaka zao zikafutwa. Wafanyakazi walioandamana kudai mageuzi hayo waliachwa nje. Wengi wa wanaume wa tabaka hilo mijini walisubiri hadi 1867 ndipo wapate haki ya kupiga kura.

Anayeamini kwamba teknolojia kwa asili yake hupindua matabaka ya zamani atazame upande wa pili wa bahari ya Atlantiki. Mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney, ya mwaka 1793, ilipunguza sana kazi ya kutenganisha mbegu na nyuzi, na mtu angetarajia kwamba mahitaji ya watumwa yangepungua. Ikawa kinyume chake: kilimo cha pamba kikawa na faida kubwa, na idadi ya watumwa nchini Marekani ikapanda kutoka takriban 700,000 mwaka 1790 hadi karibu milioni 4 mwaka 1860. Pamba hiyo ndiyo iliyolisha viwanda vya Lancashire. Biashara ile ile iliinua tabaka jipya mahali pamoja na kumwimarisha bwana wa watumwa mahali pengine, kwa sababu sheria ya kule ilimruhusu kummiliki binadamu.

Kwa mtazamo huo, mjadala wa akili mnemba (AI) unaonekana tofauti kidogo. Safari hii wanaotikiswa ni pamoja na watafsiri, waandishi, watunza hesabu na waandaaji wa programu, yaani watu wa tabaka la kati waliopanda kwa ngazi ya elimu. Wenye matumaini wanasema kwamba mtu asiye na mtaji sasa anapata uwezo uliokuwa wa makampuni makubwa, na wana hoja. Lakini uwezo huo ni wa kukodi, kwani vituo vya data na chipu zinazouzalisha hugharimu mabilioni ya dola na viko mikononi mwa makampuni machache. Kwangu mimi, jambo hili la pili lina uzito zaidi.

Mwaka 2023 waandishi wa filamu wa Marekani waligoma kuanzia Mei hadi Septemba, wakapata mkataba unaozuia studio kuwalazimisha kutumia akili mnemba. Walikuwa na chama imara. Wale wanaoweka alama kwenye picha na maandishi ya kufundishia mifumo hiyo, wakilipwa kwa kila kipande cha kazi na bila kufahamiana, wengi wao hawana chombo cha aina hiyo. Umoja wa Ulaya ulipitisha 2024 sheria inayorahisisha wafanyakazi wa majukwaa ya kidijitali, yaani wanaopangiwa kazi kupitia programu au tovuti, kutambuliwa kuwa waajiriwa, lakini inahusu kazi inayofanyika ndani ya mipaka yake. Mwenzao aliye nje ya mipaka hiyo, hata akiifanyia kazi kampuni ileile, sheria hiyo haimlindi.