Kimpira cha Snokeli za Zamani: Je, Kilistahili Kuachwa?

Snokeli, yaani vifaa vya kupumulia uso ukiwa ndani ya maji, nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa mirija iliyopinda juu kama mpini wa bakora, na kwenye ncha yake kizimba kidogo chenye kimpira chepesi. Mvaaji alipozama, kimpira kilielea na kuziba tundu. Alipoibuka, kilishuka na kufungua njia ya hewa. Zipo pia barakoa za wakati huo zilizofunika uso mzima, zikiwa na mrija mmoja au miwili ya namna hiyo.

Waliokitetea kimpira walikuwa na hoja, kwa sababu anayejifunza huogopa zaidi kumeza maji ya chumvi kuliko kitu kingine chochote, na kifaa kinachomwondolea hofu hiyo humfanya atulie. Hata hivyo chumvi na mchanga hukwamisha kimpira, wimbi dogo hukipandisha katikati ya pumzi, na kikikataa kushuka, mtu hukosa hewa ilhali yuko juu ya maji. Ndiyo maana wazamiaji waliegemea mrija mtupu wenye umbo la herufi J, ambao huruhusu maji kuingia na kumtaka mwenyewe ayapulize nje. Kwa maoni yangu walikuwa sahihi: kisicho na kiungo kinachocheza hakina cha kukwama.

Urefu wa mrija haukuwa na mjadala: sharti uwe mfupi. Mrija wa sentimita 35 wenye kipenyo cha ndani cha sentimita 2 hubeba takriban mililita 110 za hewa iliyokwisha kutumika, ambayo huvutwa tena mapafuni, na mtu aliye mita moja chini hulemewa kifuani na shinikizo ambalo misuli ya kupumulia haiwezi kulishinda kwa muda mrefu. Mrija mrefu wa kumfikisha mtu chini ni ndoto ya wasiowahi kuujaribu.

Mwaka 2014 Decathlon, kampuni ya vifaa vya michezo, ilileta Easybreath, barakoa ya uso mzima yenye kizibo kinachoelea juu ya mrija, na wazo la zamani likarudi likiwa limeboreshwa, kwa kuwa hewa inayoingia na inayotoka hupitishwa njia tofauti. Kwa anayeelea tu akitazama matumbawe, nakubali kwamba ni raha. Tatizo ni kwamba mrija wa mdomoni ukigoma hutemwa papo hapo, ilhali barakoa hiyo lazima kwanza ivuliwe mikanda yake kichwani.