Picha haina sentimita

Picha ya kidijitali ina pikseli tu, yaani vidoti vya rangi vinavyoiunda. Sentimita huzipata kwenye kioo inapoonyeshwa, au kwenye karatasi inapochapwa. Mabishano mengi ya "mbona kwangu ilionekana kubwa?" katika steshenari za Dodoma yanatokana na kusahau hilo.

Chukua lebo ya mvinyo wa zabibu za Hombolo, upana pikseli 800. Ifungue kwa asilimia 100 kwenye laptopu ya inchi 15.6 yenye rezolusheni (idadi ya pikseli za kioo) ya 1366 kwa 768, uipime kwa rula: kama sentimita 20. Ihamishie kwenye laptopu ya inchi hizohizo yenye 1920 kwa 1080: sentimita 14 na ushee. Faili ni lilelile, hakuna aliyelikata. Kioo cha kwanza kina pikseli kama 100 katika kila inchi, cha pili 141. Pikseli zikibanana, picha inasinyaa. Kwenye monita ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080, picha hiyo inafika sentimita 22, kwani pikseli zimetandazwa.

Windows nayo ina mkono wake. Ukuzaji wa vitu kwenye kioo (Scale) ukiwa asilimia 125, kama laptopu nyingi za 1920 zinavyokuja, kivinjari kitazigeuza zile 14 kuwa 18. Angalia hapo kabla ya kushika rula.

Mchonganishi mkubwa, kwa maoni yangu, ni simu. Inapanua picha yoyote ijae upana wa kioo, sentimita 7 hivi. Picha ya pikseli 400 humo inapendeza kabisa. Ipeleke kwenye bango la mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) lenye upana wa sentimita 85, kila pikseli inachukua milimita mbili na zaidi. Jicho la mhitimu linabaki vipande vichache vya rangi.

Kwa hiyo mteja asiulizwe kama picha "ni kubwa", aulizwe ina pikseli ngapi. Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha Details. Halafu piga hesabu: sentimita gawanya kwa 2.54 upate inchi, zidisha kwa 300, yaani pikseli za kila inchi kwa chapa safi. Lebo ya sentimita 9 inataka pikseli 1,063. Ile yetu ya 800 inatoa 226 tu kwa inchi. Jina la mvinyo litasomeka, ila maandishi madogo ya kiasi cha kileo yataanza kufifia. Bango hutazamwa kwa mbali, 100 kwa inchi zinatosha: la sentimita 85 kwa 200 lipate kama 3,350 kwa 7,870.

Kuna wanaobadilisha pikseli kwa inchi kutoka 72 kuwa 300 kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, wakidhani wameiponya picha. Ukiwa umeondoa tiki kwenye Resample (kibali cha kubadilisha idadi ya pikseli), pikseli hazijaongezeka hata moja. Umepunguza sentimita za kuchapa tu. Ukiiacha tiki, programu inabuni pikseli za kujazia, na sura inakuwa kama imepakwa mafuta.

Picha za WhatsApp zitumwe kama dokumenti, la sivyo zinapunguzwa njiani. Skrinshoti isikubaliwe kuwa kazi ya kuchapa, hata mteja akiapa.

Kwa bango la gharama, kata kipande cha uso chenye upana wa sentimita 20, kichape kwa ukubwa halisi kwenye A4, kibandike ukutani, urudi nyuma hatua tatu. Mteja naye asimame hapohapo, kabla hajatoa hela.