Uchovu wa mionzi sio uvivu

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako umesema matibabu ya mionzi yakiisha mgonjwa wa saratani ya titi anarudi kazini, ila uchovu wenyewe hujaugusa. Dada yangu yuko wiki za mwisho za mionzi pale hospitali ya Mulago, Kampala, kemo (zile dawa kali za saratani) alishamaliza, na sasa ndo amechoka kuliko mwanzo, anamenya matoke mawili matatu anaweka kisu chini anaenda kulala na akiamka bado kachoka vilevile. Kuna ndugu wanasema anadeka, jamani hapana! Uchovu huu unajikusanya kila wiki na unaweza kubaki miezi hata baada ya matibabu. Daktari aambiwe apime damu, maana ikipungua nayo inachosha. Kutembea kidogo jioni kunamsaidia, na mkija kumwona mchotee maji, mfulie, msikae masaa mkimwongelesha.