Kipandikizi cha jino: uliza spea kabla ya rangi

Mjadala wa vipandikizi vya meno, yaani mizizi ya bandia inayopandwa kwenye mfupa wa taya ili kubeba jino la bandia, siku hizi umekuwa mjadala wa rangi. Upande mmoja kuna titani, metali ya kijivu ambayo madaktari wameizoea. Upande wa pili kuna zirkonia, kauri nyeupe inayonadiwa kwamba "haina chuma". Mgonjwa anafika kliniki ameshachagua upande, na taya lenyewe halijapigwa hata picha.

Tuanze na titani. Miaka ya 1950 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekikamata. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi vya titani mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye, akiwa bado anavitumia vipandikizi vyake. Zirkonia haina ushahidi wa umri huo. Tafiti nyingi zilizofuata zinaonyesha kwamba katika kila vipandikizi kumi vya titani, zaidi ya tisa huwa bado vimo mdomoni baada ya miaka kumi.

Lakini zirkonia nayo ina hoja. Mtu mwenye fizi nyembamba akiwekewa titani kwenye jino la mbele, anaweza kubaki na kivuli cha kijivu ukingoni mwa fizi. Kwa mwalimu, mtangazaji au yeyote anayeishi kwa kusema na watu, hilo si jambo dogo. Fizi pia huipokea kauri vizuri.

Tatizo ni kwamba kauri haipindi. Ikizidiwa inavunjika, na kipande kilichobaki ndani ya mfupa itabidi kichimbwe. Vingi vya vipandikizi hivyo vimetengenezwa kipande kimoja, mzizi na kishikio cha jino pamoja, kwa hiyo kichwa kinabaki nje ya fizi wakati mfupa bado unashika, huku ulimi na chakula vikikisukuma kwa miezi. Kikikaa mshazari, nafasi ya kurekebisha ni ndogo. Vya vipande viwili vipo, ila historia yake bado fupi. Na ile "haina chuma" ni maneno ya sokoni: zirkoni ni metali, kinachoingia mdomoni ni oksaidi yake. Titani nayo hujifunika kwa oksaidi yake yenyewe, na hiyo ndiyo mfupa unayoigusa. Mzio wa titani upo, ila ni nadra mno kuwa sababu ya watu wengi kuikwepa.

Kwangu mimi, basi, zirkonia ni ya jino la mbele, kwa mtu anayejua anachokubali. Magego na mengineyo, titani.

Swali kubwa zaidi ni mfupa uliobaki. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika huanza kupungua, na upana wake unaweza kushuka kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja. Huku kwetu watu wanakaa na pengo miaka mingi mpaka hela ipatikane. Hapo ndipo vinapoingia vipandikizi vyembamba vyenye kipenyo chini ya milimita 3: bei nafuu, upasuaji mdogo, mara nyingi bila kuongeza mfupa. Kushikilia meno ya bandia ya taya la chini, vinafaa. Kukibebesha kimoja gego peke yake ni kukitafutia kuvunjika.

Kuna chaguo ambalo halitangazwi sana kwa sababu si la fahari. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza kwamba asiye na jino hata moja chini awekewe vipandikizi viwili tu, na meno yake ya bandia yabanwe hapo kwa vibonyezo. Anayatoa, anayasafisha, anayarudisha. Bibi ambaye meno yake ya chini yalikuwa yakiruka kila anapotafuna muhogo hahitaji safu nzima iliyokazwa juu ya vipandikizi vinne au sita, hata kama kliniki ingependelea kuuza hiyo.

Sasa spea. Mtu amewekewa kipandikizi Istanbul au Chennai, karudi Dar es Salaam. Baada ya miaka kadhaa jino linaanza kucheza akitafuna. Skrubu inayofunga jino kwenye kipandikizi imelegea, basi. Daktari anatoboa kijazio juu ya jino, anaingiza bisibisi, anakaza kwa nguvu iliyoelekezwa na mtengenezaji. Ila kila kampuni ina mfumo wake, na kichwa cha skrubu mfumo mmoja kina pembe sita, mwingine kina umbo la nyota, na vipimo vinapishana kwa sehemu ndogo tu za milimita. Bisibisi yake haipo kliniki, mgonjwa hajui hata jina la mfumo, na daktari anabaki kubahatisha kwa kutazama eksirei. Aliyewahi kumiliki gari ambalo spea zake hazipo Kariakoo wala Kirinyaga Road ananielewa.

Wapo wanaojibu kwamba bei za kampuni kubwa za Uswisi zinawafungia nje watu wengi, na wana haki. Mifumo ya Korea Kusini imeteremsha gharama, na sioni sababu ya kuidharau. Mfumo wa bei ya kati wenye wakala Nairobi au Dar unanifaa kuliko wa kifahari ambao bisibisi yake itasubiriwa kwa wiki kutoka ng'ambo. Kwa sababu hiyohiyo napendelea jino linalofungwa kwa skrubu kuliko linalogandishwa kwa gundi. La gundi huweza kupendeza zaidi, lakini mabaki yake yakijificha chini ya fizi huleta uvimbe unaokula mfupa, na kulitoa bila kulivunja ni kazi.

Boksi la kipandikizi huja na stika yenye jina la mfumo, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Omba nakala kabla hujaondoka kitini, uipige picha, umtumie na ndugu mmoja. Kliniki ikikuzungusha kwa jambo hilo kabla ya upasuaji, tafuta nyingine.