Anayetetea filamu za Lubumbashi si lazima awe mpiga debe

Kuna shutuma inayomfuata kila mhakiki aliyetumia miaka yake kuandika juu ya filamu ndogo za kwao: kwamba huyo si mhakiki, ni mpiga debe. Inasemwa Lubumbashi, inasemwa Goma na Bukavu, miji ya Kongo ya Kinshasa. Wanaoisema wana hoja. Watu wa sinema katika miji hii ni wachache. Anayeandika, aliyeongoza filamu na aliyeandaa onyesho mara nyingi wanakopeshana kamera, na kesho mmoja atamhitaji mwenzake. Ukila chungu kimoja na mtu, ni vigumu kumwambia hadharani kwamba mchuzi hauna chumvi.

Hata wakubwa wa fani hawakuepuka jambo hili. Paulin Soumanou Vieyra, mmoja wa waliotengeneza filamu ya Afrique-sur-Seine mwaka 1955, alichapisha mwaka 1972 kitabu kizima juu ya Sembène Ousmane, mwongozaji wa Senegal aliyekuwa akifanya naye kazi. Ukipima kwa kanuni ya mahakama, shahidi wa namna hiyo angekataliwa. Lakini toa vitabu vya Vieyra kwenye rafu, uone ni kiasi gani cha sinema ya Afrika ya miaka ile kinabaki na mtu wa kukisimulia kutoka ndani.

Sifa za bure zina madhara, na wapinzani wanayaeleza vizuri. Mtazamaji anasoma kwamba filamu ni nzuri, anavuka mji mzima, anakaa gizani dakika 40 bila kusikia nusu ya maneno. Hatarudi. Safari nyingine atakapoona neno "filamu ya kwetu" kwenye bango atapita.

Ila kutetea ni mambo mawili, na watu wanayachanganya. Kuna kuchagua kitu cha kutazama, na kuna kukipima. Mhakiki anayejitolea kwa filamu za Katanga na Kivu, maeneo yenye miji hii, ana upendeleo katika lile la kwanza, na ana haki nao kabisa. Filamu ya Hollywood haimhitaji; ina waandishi elfu. Katika la pili ndipo anatakiwa awe mkali.

Fikiria filamu ya dakika 26 iliyotengenezwa Lubumbashi. Inaonyeshwa jioni moja, tuseme kwenye Halle de l'Étoile, ukumbi wa kituo cha utamaduni wa Kifaransa, au katika siku za Picha, maonyesho ya picha na video yaliyoanzishwa hapa mwaka 2008. Watazamaji mia moja, wakijaa. Onyesho la pili halipo, sinema ya kulipia tiketi haipo, televisheni haikuinunua. Nakala kuu iko kwenye diski moja ya nje nyumbani kwa mwongozaji, na diski hiyo ikianguka sakafuni wakati inafanya kazi, basi, imekwisha. Kinachobaki ni kumbukumbu za watu mia moja na makala ya mtu mmoja. Mhakiki wa Paris akikosea juu ya filamu kubwa, wenzake watamsahihisha kabla ya Jumatatu. Wa Lubumbashi akikosea, kosa lake linakuwa historia. Jambo hili linastahili kufikiriwa sana kuliko suala la urafiki, maana linambana mhakiki zaidi ya mpinzani wake yeyote.

Kwa hiyo makala yake haina budi kubeba vitu ambavyo mhakiki wa filamu kubwa anaviruka: urefu kwa dakika, mwaka, lugha wanazosema wahusika, lugha ya maandishi ya chini (tafsiri inayopita chini ya picha), aina ya nakala iliyoonyeshwa, ukumbi, na kama umeme ulikatika katikati. Akiweza, aitazame mara mbili, ya pili akiwa amefumba macho kwa muda, asikilize tu.

Kwenye sauti ndiko filamu zetu nyingi zinakovunjika. Maikrofoni iliyo juu ya kamera inachukua kila kitu kwa usawa: jenereta ya jirani, pikipiki, feni, na sauti ya mhusika aliye mita tatu mbele. Hakuna aliyerekodi ukimya wa mahali penyewe, sekunde 30 tu watu wote wakiwa kimya, kwa hiyo kila mkato wa picha unasikika kama mlango unaofungwa. Kisha muziki na maneno vinachanganywa kwenye kompyuta ndogo, kwa spika zisizotoa besi. Filamu ikifika ukumbini, besi inafufuka na kumeza mazungumzo. Mhakiki akiandika "sauti ni dhaifu" hajamsaidia mtu. Akiandika kwamba dakika ya 11 muziki unafunika maneno ya mama, na kwamba kuushusha muziki kidogo kungeyaokoa, hapo amemtetea mwongozaji kuliko sifa kumi, na mtazamaji naye hakudanganywa.

Halafu kuna lugha, na hapa mhakiki wa mahali hana mbadala. Mtu wa Lubumbashi akisema "alinipika", anasema alinipiga. Akiita "yaya", anamwita mkubwa wake kwa heshima, wala hatafuti mlezi wa watoto. Mtafsiri aliyejifunza Kiswahili cha pwani anaweza kuharibu ushuhuda wa mtu kwa herufi moja. Maandishi ya chini nayo yana mipaka yake: mistari miwili, kila mmoja herufi 40 hivi, sekunde sita au saba kwenye kioo. "Hawakutuambia" ni neno moja kwetu. Kifaransa kinaomba nafasi ya maneno sita. Ndipo mtafsiri anapunguza, na anachopunguza kwanza ni yaya, mama, mzee, yaani hasa yale maneno yanayoonyesha nani anamheshimu nani katika chumba kile.

Hilo si suala la wasomi peke yao. Mwaka 2015 serikali ya Kongo ilizuia kwa wiki kadhaa filamu ya Thierry Michel juu ya Daktari Mukwege, anayetibu wanawake waliobakwa, na hospitali ya Panzi, Bukavu, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa madai kwamba ushuhuda wa wanawake umetafsiriwa vibaya. Zuio liliondolewa. Lakini anayeweza kupima madai kama hayo, neno kwa neno, ni nani kama si mhakiki anayesikia lugha yenyewe?

Au chukua filamu ya Emmanuel Gras iitwayo Makala, yaani makaa, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kwenye tamasha la Cannes mwaka 2017. Mtu anasukuma baiskeli iliyolemewa na magunia ya makaa, kilomita 50 hivi hadi Kolwezi, na Kiswahili ndicho lugha yake. Wengi waliiandika kama safari ya mateso ya mwanadamu. Sawa. Msomaji wa Katanga angetaka pia bei ya gunia, nani anakusanya ushuru barabarani, na kwa nini kamera haimpi mkono yule baiskeli ikielemea. Hayo si maswali ya mpiga debe.

Kuna mahali ambapo watetezi hawana jibu la kutosha, nako ni kwenye pesa. Tahar Cheriaa, mtu wa vilabu vya sinema Tunisia aliyeanzisha tamasha la Siku za Sinema za Carthage mwaka 1966, alitambua mapema kwamba kusifu hakutoshi wakati usambazaji uko mikononi mwa kampuni za nje, na alibaki akilipigania hilo. Kwetu hali ni ile ile, tena chini yake: karibu hakuna anayemlipa mhakiki. Tamasha linamlipia tiketi ya ndege na kitanda, mfadhili anamwomba aandike utangulizi wa katalogi, na filamu za vita na migodi, ambazo wafadhili wanazipenda, zinapata kurasa nyingi kuliko kichekesho kilichopigwa Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, kwa ajili ya majirani.

Kumtaka mhakiki azikatae pesa hizo kabla hajapata mlipaji mwingine ni kumwambia aache kazi. Anachoweza kufanya leo ni kutaja, juu kabisa ya makala, kabla hata ya jina la filamu: nani alilipa safari, yeye na mwongozaji wanajuana vipi, na filamu aliitazama mara ngapi.