Kifaru, Zege na Koti la Shemeji

Kabla sijatoka Tanga nilishatangaza ukoo mzima kwamba naenda kuyaona mawe ya Stonehenge, yale makubwa ya kale yaliyosimamishwa duara huko Uingereza. "Historia nimeisoma mimi," niliandika kwenye grupu la WhatsApp, "mtaletewa picha na maelezo." Ile D ya kidato cha nne sikuigusia.

Dada yangu ni nesi, anaishi Durrington, kijiji kilicho kando ya mto Avon katika mkoa wa Wiltshire, kusini mwa Uingereza. Nyuma ya kijiji inaanza mbuga ya Salisbury, ambayo jeshi la Waingereza lilianza kuinunua mwaka 1897 na mpaka leo ndiko linakofanyia mazoezi. Asubuhi hiyo dada alikuwa anawahi zamu, akanipa maagizo mguu mmoja ukiwa nje: "Utaanza kuiona Woodhenge, hapo karibu tu. Ukitoka hapo shika magharibi kama kilomita tatu, utafika Stonehenge. Ukiona bendera nyekundu usivuke. Na barabarani uangalie, kuna vifaru vinavuka."

Mimi nilichodaka ni "henge" na "vifaru". Nikachukua koti la shemeji lililokuwa limetundikwa mlangoni, lile zito la sufu analovaa harusini na msibani, nikaandika kwenye grupu: "Natoka. Nimeambiwa nijihadhari na vifaru."

Angalia hapo. Dada alisema "vinavuka", yaani vyuma vya jeshi. Mimi nikapeleka "vifaru" vitupu. Dakika haikuisha, sauti ya mama ikaingia: "Baba'ngu, kumbe na Uingereza wapo? Sasa sikiliza, ukimwona kifaru usishindane naye mbio. Panda mti."

Nikafika. Kwenye nyasi nikakuta vinguzo vya zege, vifupi, vimepangwa duara ndani ya duara. Nikajisemea, jamani, hivi ndivyo Wazungu wanavyovipigia kelele dunia nzima? Lakini ahadi ni deni. Nikapiga picha, nikakumbatia kinguzo kimoja, nikarusha: "Stonehenge. Miaka 4,500. Nimeigusa kwa mkono wangu."

Mjomba wangu ni fundi ujenzi Muheza. Akajibu kabla sijarudisha simu mfukoni: "Mpwa wangu, hiyo ni zege. Miaka 4,500 saruji walinunua duka gani? Na mbona hawakuacha nondo za kupandishia ghorofa?"

Nikamgeukia mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa, nikamuuliza kwa heshima zote kama hii ndiyo Stonehenge. Yule mzee hakucheka, ila mbwa alinitazama vibaya. Akaniambia hii ni Woodhenge. Zamani hizo zilisimama nguzo za miti, zikaoza zikaisha, yakabaki mashimo 168 yaliyofukiwa na udongo, na kila kinguzo cha zege kimewekwa kuonyesha shimo lilipokuwa. Ukiwa chini ulikuwa huoni kitu, shamba tu. Mwaka 1925 rubani wa jeshi, Gilbert Insall, akapita juu na ndege akaona madoa yamejipanga duara. Mwaka uliofuata Maud Cunnington akaanza kuchimba, na mashimo yakapatikana. Yaani mwenzangu aliona mashimo yasiyoonekana akiwa angani, mimi nimesimama katikati yake nimeona kiwanja cha mtu aliyeishiwa hela.

Mzee akashika kasi. Akanyoosha fimbo kuelekea Larkhill, kambi ya jeshi iliyo jirani: huko ndiko mabanda ya ndege yalikojengwa mwaka 1910, enzi za ndege za mbao, vitambaa na waya. Upande wa pili kuna msalaba wa mawe wa Kapteni Loraine na Sajini Wilson, walioanguka na ndege yao tarehe 5 Julai 1912, wa kwanza kufia kazini katika kikosi cha Royal Flying Corps. Nikaitikia "ee, ee", macho kwenye simu, maana binamu zangu walikuwa wameanza kunitumia picha za vyoo vilivyoishia kwenye msingi.

Nikashika njia ya magharibi. Uwandani nikakuta jiwe limelala peke yake kama ng'ombe anayecheua. Nikalikalia, nikavua kiatu kukung'uta kokoto, nikatoa chapati ya dada. Tonge la kwanza sijalimeza, nikasikia NDUUU! Ardhi ikanitetemeka mpaka tumboni.

Kifaru!

Nikatafuta mti. Pande zote nne nikatafuta. Uwanda ule ni nyasi tupu! Nikajirusha kifudifudi, kiatu kimoja mguuni, na pale nilipotua ng'ombe walikuwa wameshapita asubuhi. Yalikuwa bado ya moto.

Niliposikia sauti ya mzee yule, uso wangu ulikuwa haujatoka. "Usiogope bwana, ni mizinga. Larkhill kuna chuo cha wapiga mizinga." Akanisaidia kuinuka kwa ncha za vidole viwili, kisha akaongeza polepole, "Halafu hilo ulilokuwa umelikalia ni Cuckoo Stone. Watu wa kale waliwahi kulisimamisha hapo."

Basi zege la juzi nimelikumbatia, jiwe la kale nimelipa makalio. Na chapati mbwa amemaliza.

Stonehenge nilifika. Watu walinipisha wenyewe, sikusukumana na mtu. Nikapiga picha ya yale mawe makubwa, mengine tani ishirini na zaidi, nikaituma. Mjomba akaikuza: "Na hapo chini wamemwaga zege." Nikajua sasa nimempata. Nikamuuliza mhudumu mmoja, nikiwa nimesimama mbali naye. Akasema ni kweli, katika karne ya 20 mawe kadhaa yalinyooshwa na kushikizwa kwa zege.

Jioni shemeji alilipokea koti kwa mti wa fagio. Dada akaeleza grupu kisa chote, asiache hata ng'ombe. Sauti ya mama ikaingia ya mwisho:

"Si nilikwambia upande mti?"